Kiti cha Lusweti na Hatua Tatu za Mama Betty

Jumapili, 3 Agosti

Kituyi amekuja kanisani na medali yake tena. Ndogo kama kifungo cha koti! Niliwahi kumuuliza, kwa nia ya kujua tu, kwa nini mtu akimbie karibu kilomita tisini kule Afrika Kusini halafu apewe kitu ambacho kuku anaweza kukimeza. Akasema ndiyo mila ya mbio za Comrades. Alikimbia mara moja, miaka kumi na sita iliyopita. Hadi leo akikusalimia lazima ainame, ili medali ining'inie mbele ya macho yako.

Baada ya ibada, mkutano wa Umoja wa Wazee. Kituyi ni mwenyekiti kwa mwaka wa tisa. Ni yeye peke yake anayekalia kiti chenye mikono. Mimi ni katibu. Nimefundisha jiografia miaka thelathini na nne, na sasa ninaandika maneno ya karani mstaafu wa mahakama!

Nikaeleza, kwa upole, kwamba mbio za Comrades mwaka mmoja hupanda na mwaka mwingine huteremka, na kwamba mwaka wa Kituyi ulikuwa wa kuteremka. Nikaongeza kwamba hata gunia la viazi hufika likiteremshwa. Watu wakacheka. Kituyi akasimama. Akasema niandae mbio kama hizo hapa hapa Eldoret, na asipomaliza ndani ya saa kumi na mbili, kiti ni changu. Rosebella wa kwaya akapaza sauti: "Andika hiyo, Mwalimu!"

Nimeandika. Kwa wino.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimesoma habari za Comrades tangu asubuhi. Mambo ya ajabu! Mbio huanza kwa sauti ya jogoo. Kwa nini jogoo? Zamani mkimbiaji mmoja aliwika mwenyewe kwa mdomo wake pale mwanzoni, watu wakapenda, ikawa mila. Njiani pana kiti kilichochimbwa kwenye ukingo wa barabara, kiti cha mkimbiaji wa kale aitwaye Arthur. Ukipita unamwamkia na kumwachia ua, hata kama hayupo. Asiyemwamkia, wanasema, nusu ya pili itamshinda.

Lakini lililonishika zaidi ni mwisho. Saa kumi na mbili zikitimia, mwamuzi hupiga bastola akiwa ameupa mgongo utepe wa kumalizia. Mgongo! Aliyebakiza hatua moja ni sawa na aliyebakiza kilomita kumi. Nimekaa na jambo hilo hadi chai ikapoa. Kwa nini asitazame?

Njia yetu: uwanja wa kanisa hapa Elgon View hadi Turbo, na kurudi. Karibu kilomita sabini. Kwenda ni kuteremka, kurudi ni kupanda. Bastola hatuna. Tutagonga rimu ya lori inayotumika kama kengele ya kanisa. Mgongaji: mimi.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepata wazo. Arthur wa kwao hayupo kitini. Wetu atakuwepo!

Nimekwenda Turbo kwa Mzee Lusweti. Zamani alikuwa akipima mahindi ya wakulima, sasa ni mjane na ana nafasi. Katika kaunti hii hakuna mtu anayesalimia kwa urefu kama yeye. Anakushika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili, kisha anauliza habari za nyumbani, za watoto mmoja mmoja kwa majina, za ng'ombe, za mvua, za mbolea. Kuutoa mkono kabla hajamaliza ni kumtukana. Nilifika saa nne na neno la dakika tano. Nimeondoka saa nane.

Na kwao Kituyi ni hatua chache kutoka kwao Lusweti! Hatapita hapo kwa chini ya saa nzima.

Tumechimba kiti kwenye ukingo mbele ya lango lake, pale wakimbiaji watakapogeukia kurudi. Sikumwambia njama yangu. Nilisema tu asimwachilie mtu apite bila heshima kamili. Akaniuliza kama heshima kamili ni pamoja na habari za mahindi. Nikasema, hasa hizo.

Jumanne, 12 Agosti

Wamejiandikisha kumi na mmoja. Nambari saba: Wacera. Mke wangu! Mama Betty, miaka sitini na mmoja!

Kumbe miezi minne hii, hata kabla ya mbio hizi kutajwa, akisema anakwenda kuangalia shamba letu la Soy, amekuwa akienda kwa miguu na kurudi kwa gari. Na mimi nilidhani zile raba zinaliwa na panya. Nikamuuliza anataka nini. Medali? Akasema, "Baba Betty, nataka kufika. Maisha yangu yote nimewangojea watu wengine wafike."

Ilinipasa kumwonya kuhusu kile kiti. Lakini kumwonya ni kumweleza, na kumweleza ni kumwambia njama, na yeye ndiye rafiki mkubwa wa mke wa Kituyi. Nikanyamaza. Kwangu hilo si jambo la kawaida. Akaniuliza kama ninaumwa.

Ijumaa, 15 Agosti

Jogoo amepatikana kwa Rosebella. Anaapa kwamba huwika saa kumi na moja na nusu kamili, kama redio. Tumemfunga kwa kamba karibu na rimu. Ananitazama kama mwanafunzi ambaye hajafanya kazi ya nyumbani.

Jumamosi, 16 Agosti

Saa kumi na moja na nusu asubuhi. Wakimbiaji mstarini. Jogoo kimya. Nikamtikisa. Kimya. Nikamwimbia. Kipngetich, ambaye hufanya mazoezi na wanariadha wa kweli, akaniuliza kwa heshima kama aende akamlete jogoo wa kwao. Jogoo akawika saa kumi na moja na dakika arobaini na saba, baada ya kupewa mahindi.

Kituyi akasema muda uhesabiwe tangu jogoo. Nikasema hapana, ratiba imechapwa: kumi na moja na nusu hadi kumi na moja na nusu. Dakika kumi na saba zimemponyoka hata kabla ya hatua ya kwanza. Bure!

Saa nne na ushei Kipngetich amerudi. Sabini zote! Akachukua medali niliyochongesha, ndogo kama ya Kituyi, akaigeuza, akaniuliza kama nyingine inakuja baadaye. Akaenda kukamua ng'ombe.

Saa tano kasorobo simu kutoka Turbo. Lusweti, kwa furaha: "Mwalimu, nimempata mgeni wako! Tumeshikana mikono, na hata kwa ng'ombe hatujafika." Nikacheka peke yangu. Nikamwambia asiharakishe. Nikakisafisha kiti chenye mikono kwa kitambaa. Nikakikalia kidogo, kupima tu.

Saa kumi na moja na dakika kumi na sita jioni, kwenye lango la kanisa: Kituyi! Anachechemea, amekuwa mweupe kwa chumvi, lakini ni yeye. Akavuka utepe, akaanguka kwenye nyasi. Nikamuuliza Lusweti je? Akasema, akihema, kwamba alimkuta Lusweti ameshika mkono wa Mama Betty, wamezama kabisa katika habari za marehemu Nekesa, mke wa Lusweti, ambaye Mama Betty alikuwa akishona naye miaka ile. Basi Kituyi akaweka ua lake, akaamkia kwa sauti ndogo, akapita akinyata kwa ncha za vidole. Mara ya kwanza maishani mwake.

Mgeni wangu!

Dakika kumi na nne zimebaki. Kisha tano. Kisha mbili. Mila ni mila. Nikaupa mgongo utepe, nyundo mkononi, macho kwenye saa. Nyuma yangu watu wakaanza kupiga kelele. Kisha nikasikia raba. Pa, pa, halafu mguu wa kushoto unaburuta kidogo. Nimeishi na mwendo huo miaka arobaini na moja. Naujua hata ukiwa jikoni. Rosebella akapiga yowe: "Mwalimu, ngoja!"

Sasa najua kwa nini hawatazami. Kama ningegeuza shingo, nisingegonga.

Mshale ukafika. Nikagonga.

Nilipogeuka, Mama Betty alikuwa amesimama. Hatua tatu. Nilizipima baadaye. Alinitazama, akautazama utepe, akapita kando yake bila kuuvuka, akaenda kunawa uso.

Chakula cha jioni: chai ya asubuhi.

Jumapili, 17 Agosti

Mkutano. Nilitegemea Kituyi atajigamba hadi saa nane. Akasimama, bila medali. Akasema ameshinda, lakini hakulala vizuri. Amempita mzee mwenzake akinyata kama mwizi wa kuku, bila kumpa mkono. Mama Betty alisimama dakika hamsini, akamsikiliza mjane hadi mwisho, na bado akabakiza hatua tatu. Akauliza wenzake: kati ya hao wawili, nani anafaa kuwaongoza wazee?

Mikono yote ikapanda kwa Mama Betty. Wangu pia. Alikuwa ananitazama.

Mama Betty amekalia kiti chenye mikono. Kinamfaa, lazima nikubali. Mimi bado ni katibu.

Jumatatu, 18 Agosti

Asubuhi niliweka medali chini ya kikombe chake. Nilipomaliza uji, niliikuta chini ya bakuli langu. Akasema tu, "Sikufika."

Nimeyachunguza makosa yangu kwa utulivu, kama nilivyowafundisha wanafunzi. Kosa halikuwa wazo. Wazo lilikuwa zuri. Kosa lilikuwa Lusweti mmoja kwa watu kumi na mmoja. Mwaka ujao tutabadilisha njia, kama Comrades: tutaanzia Turbo, tuje Eldoret, turudi Turbo. Lusweti wawili, mmoja kila upande wa barabara. Nimeshamfikiria wa pili. Ana shemeji wa namna ile ile.

Mwenyekiti mpya ametoa agizo lake la kwanza. Mwaka ujao mimi nitakimbia, na rimu ataigonga yeye. Akiwa ameupa mgongo utepe. Kituyi amecheka hadi akashika mbavu.

Sina wasiwasi. Nimeanza mazoezi leo: hadi lango na kurudi, mara mbili. Nikichelewa kidogo si kitu. Anaujua mwendo wangu.

Atageuka. Nina hakika atageuka.