Malalamiko Dhidi ya Tabibu Aliyemwambia Mke Wangu Apumzike

Kwa Msimamizi wa Zahanati,
Garissa.

Mheshimiwa,

Assalaam aleikum. Ninakuandikia kwa heshima zote, na kwa mkono unaonuka vitunguu, kumlalamikia mfanyakazi wako, Tabibu Ifrah. Mimi ni Abdihafid Dekow, muuza mbuzi katika soko la mifugo, mume wa Fosia, na mwenye nyumba ambayo haijawahi kumnyima mgeni chai. Naomba tabibu huyu ahamishwe haraka kwa sababu zifuatazo:

1. Fosia alikuja kwenu akiumwa kichwa. Alisema kinambana pande zote, kama amefungwa kitambaa kikakazwa, na mabega yamekuwa mazito. Nyumbani tulikwisha kukubaliana kwamba ni jicho la hasidi, na mama yangu alikwisha kumpaka mafuta yaliyosomewa. Tabibu Ifrah akampima presha na malaria, akambonyeza shingo, kisha akatangaza kuwa si malaria, si kipandauso, wala si hasidi. Eti ni misuli iliyokazwa na uchovu na mawazo. Mawazo gani, mheshimiwa? Mwanamke ana mume, ana watoto, ana wageni kutoka Wajir, Elwak na Mandera. Mwenye mawazo ni mpweke.

2. Alimuuliza mgonjwa mbele yangu, "Mama, wewe hukaa chini saa ngapi?" Fosia alifikiri mpaka nikaona haya. Mwishowe akajibu kwamba hukaa akiwa anaswali. Swali kama hilo haliulizwi mbele ya mume.

3. Alimkataza dawa za maumivu alizozoea kumeza kila siku, akidai zikizidi zenyewe ndizo hurudisha kichwa. Badala yake akaamuru maji, chakula kwa wakati, usingizi, kitambaa cha moto shingoni, na chai kali ipunguzwe. Hiyo si dawa. Dawa ni kitu chenye rangi, kinatiwa ndani ya bahasha. Akaongeza kwamba kichwa kikimjia kwa ghafla na kwa ukali usio wa kawaida, au pamoja na homa, au macho yakififia, arudi mbio. Hapo tu ndipo aliponena kama tabibu.

4. Kwetu mgonjwa huzuriwa, na kumzuru ni thawabu. Ilipojulikana kwamba Fosia ameamriwa kupumzika, shangazi yangu Saynab alitoka Elwak kuja kumwambia apumzike. Binamu yangu Warsame akatoka Wajir, na familia yake yote, kumwambia hayo hayo. Waliketi sebuleni wakaeleza faida za ukimya kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani. Na nani angewapikia? Mgonjwa aliamka, akachemsha chai ya maziwa ya ngamia, akapika mikate ya anjera, akawatandikia magodoro waliokuja kuhakikisha amelala. Kichwa kikarudi. Nikaona kesi nimeshinda, kwa kuwa mapumziko ndiyo yaliyomzidishia ugonjwa.

5. Tabibu wako hakukubali kushindwa. Fosia aliporudi kwenu aliambiwa kila siku baada ya adhuhuri aingie chumbani, afunge mlango, na asiufungue mpaka alasiri, awe anayebisha ni nani. Mke wangu, ambaye hajawahi kunikatalia jambo, akatii. Nilibisha mimi mwenyewe, sikujibiwa. Jikoni nikabaki peke yangu na sufuria. Shangazi Saynab alionja chai yangu akauliza kama kuna mtu aliyefariki.

6. Kibaya zaidi, amepona. Juzi nilimsikia akicheka huko ndani. Mke akishagundua kwamba dunia haisimami yeye akilala kidogo, utamrudishaje? Jirani yetu Nimo naye ameanza kuufunga mlango wake. Tukinyamaza, adhuhuri moja Garissa nzima itakosa chai, na wanaume wataacha mbuzi sokoni waende kuosha vikombe. Hilo ni janga la kaunti.

Kwa hayo, mheshimiwa, mpeleke mbali, hata Mandera, ingawa huko nako nina mashemeji na ninawaonea huruma. Nisalimie wauguzi wote, mlinzi anayenitunzia bakora yangu langoni, na Tabibu Ifrah mwenyewe, maana ugomvi wetu ni wa kazi tu.

Ni mimi niliyedhulumiwa kwa upole,
Abdihafid Dekow

Baada ya kutia sahihi: Uhamisho huo naomba usifanyike kabla ya Jumatatu. Kuna kitu kinanibana kichwa pande zote, kinaanzia shingoni, na birika likianza kuchemka kinakaza zaidi. Nimemeza dawa, kikarudi. Fosia alinibonyeza mabega, akasema, "Pole, baba Ilwad. Ingia ulale, mimi nitaulinda mlango." Barua hii ninaimalizia humo chumbani, na kimya chake sijapata kukisikia tangu tuoane. Nikija kwenu nitapita mlango wa nyuma. Tafadhali mtu yeyote asiambiwe kwamba ninaumwa. Wakijua, watakuja kunipa pole.