Msanii wa Nuru wa Amani

Jumatatu, 11 Agosti

Kikao cha klabu ya kamera, saa kumi, chumba chetu cha chini kule Malindi, Mji Mkongwe. Bi Ulfat, mwenyekiti, mwalimu wa jiografia aliyestaafu lakini hajaacha kutupigia meza kofi, ametangaza kuwa ukumbi mmoja wa Shangani umetupatia ukuta. Ukuta mmoja, picha moja, mwezi mzima. Na picha lazima iwe imechorwa kwa nuru; jaji atachagua Jumamosi ya tarehe 23. Akaeleza kwa faida ya wageni: chumba kinatiwa kiza, lenzi inaachwa wazi, mtu anapita na tochi, na kila tochi ilipopita panabaki kwenye picha. Aliposema "wageni" alikuwa akinitazama mimi.

Mimi nina miaka kumi na moja kwenye klabu hii. Kumi na moja, na sijatundikwa hata mara moja. Kwa riziki ninapiga picha za pasipoti Amani, jirani na uwanja wa mpira. Nusu ya Unguja inasafiri na uso niliopiga mimi. Hakuna anayeiita hiyo sanaa.

Hasimu wangu ni Machano. Ana miezi mitatu tu klabuni. Anauza dagaa Mkokotoni. Kamera yake imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Kila mtu anampenda, jambo ambalo peke yake linatia shaka. Leo ameniamkia "Shikamoo, Bwana Mansour" mbele ya watu wote. Nimempita miaka minne! Nikaitikia marahaba kwa sauti ya kijana.

Nikirudi, Hija kinyozi, jirani yangu wa mlango wa pili, akauliza habari za klabu. Nikamwambia picha yangu imechaguliwa kwenda Shangani. Si uongo. Ni ukweli uliotangulia kidogo.

Jumatano, 13 Agosti

Nimeona kwenye simu Mzungu mmoja akiwasha moto nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, kazifunga kwenye waya, anazizungusha. Cheche zinaruka, kamera inazinasa, mtu anaonekana kasimama ndani ya jua. Machano na tochi yake atafanya nini mbele ya jua?

Nikachukua nyuzi zote za jikoni. Faiza, mke wangu, akauliza tangu lini ninaosha masufuria. Nikamjibu kuwa mwanamme anaweza kubadilika. Akanitazama kwa matumaini, masikini.

Chumba cha klabu, saa nane mchana, peke yangu. Nikafunga madirisha, nikashusha mapazia meusi ambayo Bi Ulfat ameyashona kwa mkono wake, nikaweka kamera kwenye stendi, nikawasha, nikazungusha. Uzuri ulioje! Cheche zilifika darini. Zilifika pia kwenye pazia. Pazia limepata tundu la ukubwa wa sahani ya biriani, kanzu yangu matundu tisa, kofia yangu sitaki kuizungumzia. Nimezima moto kwa birika la chai ya klabu.

Nilipokwenda kuitazama picha, nyeusi tupu. Kifuniko cha lenzi kilikuwa bado mahali pake. Kifuniko kizuri kile, kinakaza.

Nimemwambia Bi Ulfat pazia limeliwa na panya. Akauliza kama panya hao wanavuta sigara.

Ijumaa, 15 Agosti

Baada ya sala watu wanane wamenipa mkono wa pongezi. Hija amefanya kazi yake. Mmoja, ambaye sijawahi kumuona maishani, akasema ameiona picha yenyewe na ni nzuri sana. Nikamshukuru.

Nimeagiza kibao kipya cha studio: MANSOUR, MSANII WA NURU. Faiza akauliza vipi kibao kimetangulia shindano. Nikamwambia rangi inataka muda wa kukauka.

Jioni simu kutoka Matemwe. Bi Bashira, mama yake Faiza. Analima mwani na wanawake wenzake kumi na wanne, na tangu nimuoe binti yake hajawahi kunisifu kwa lolote. Leo akasema amesikia. Akasema amewaambia wenzake wote, wameshapanga gari, na Jumamosi ijayo wanakuja Shangani kuitazama picha ya mkwe wake. Sauti yake ilikuwa laini. Aliniita mwanangu.

Nilitaka kumwambia ukweli. Nikamwambia wavae vizuri.

Jumapili, 17 Agosti

Nimekwenda Mkokotoni kupeleleza. Kisingizio: kununua dagaa. Nilivaa miwani ya jua ili nisijulikane. Machano akaniona hata sijashuka garini, akaniita kwa jina mbele ya soko zima.

Mpelelezi wa kawaida angepata tabu. Mimi nimeoneshwa kila kitu bila kuuliza. Anapiga picha ndani ya ghala lake la dagaa, mchana, milango kaifunga. Kiza totoro, harufu usiseme. Akanieleza kuwa lenzi anaiacha wazi sekunde thelathini. Akanieleza kuwa tochi anaifunika kwa karatasi iliyofungiwa maandazi ili nuru iwe laini. Akanieleza kuwa mkono usisimame. Mtu anayekufungulia milango yote namna hiyo, ujue kuna chumba anakificha.

Ndani, juu ya gunia, alikaa mama yake, Bi Mwanakheir. Macho yake yameingia ukungu. Machano anasema sura za watu hazioni tena. Anachoona ni taa, tena kizani. Ndiyo maana akajifunza kuchora kwa nuru: katika kazi zake zote ni hii tu ambayo mama yake anaweza kuifuata.

Nikaelewa mara moja. Huruma! Anataka kumhonga jaji kwa huruma. Nikakasirika kwa kuwa sikuwahi kulifikiria mwenyewe. Mama yangu mimi, hata sindano ikianguka uani anaiona.

Bi Mwanakheir akaomba na mimi nimchoree kitu. Machano akanipa tochi, akafunga mlango, akarudi nyuma kizani. Nikapiga goti mbele ya bibi yule nikaandika jina langu hewani, kwa madaha, na mkia mrefu mwishoni. Akaifuata nuru kwa uso wake wote, kama mtu anayenusa udi.

"Nshamuona," alisema. "Ndege huyo. Na mkia wake."

Nilitaka kumsahihisha. Sijui kwa nini sikumsahihisha. Nikamchorea ndege wa pili, na wa tatu, mpaka mkono ukachoka. Kisha nikakumbuka kilichonipeleka, nikaaga.

Dagaa nimenunua kilo tano. Faiza hasemi nami.

Jumanne, 19 Agosti

Sekunde thelathini, kasema Machano. Hakuna mtu anayempa hasimu wake nambari ya kweli. Kwa hiyo nimeiacha lenzi wazi dakika kumi. Karatasi ya maandazi nayo ni mtego, hilo liko wazi; nimetumia taa ya pikipiki ya Hija. Na Hija mwenyewe nikamkalisha mbele ya kamera, chumba cha nyuma cha studio, nikamuonya asitikisike. Dakika ya tatu alikuwa anakoroma.

Picha imetoka nyeupe. Nyeupe yote, kama maziwa. Hija akaitazama kwa muda mrefu, akauliza yeye yuko wapi. Nikamwambia yuko ndani kabisa.

Nimeipa jina "Nafsi".

Alhamisi, 21 Agosti

Nimeitazama "Nafsi" siku mbili. Bado nyeupe.

Taratibu za klabu ni hizi. Kila picha inatiwa ndani ya bahasha, jina la picha limeandikwa nyuma yake, bahasha inagandishwa kwa gundi, na juu inabandikwa nambari tu. Nani ana nambari gani anajua Bi Ulfat na daftari lake. Mimi saba. Machano kumi na mbili; nimechungulia. Jaji ni Bwana Wakil, mchoraji wa rangi, anayesema hadharani kuwa kamera ni uvivu.

Nikajitolea kumsaidia Bi Ulfat kupanga bahasha. Akauliza kwanza kama nina kiberiti mfukoni. Nikageuza mifuko. Alipotoka kumpokea fundi wa mapazia, nikabandua nambari mbili nikazibadilisha. Saba ikaenda kwenye bahasha ya Machano, kumi na mbili ikaja kwenye yangu. Dakika moja haikutimia. Bahasha yake sikuifungua; mimi si mwizi. Na picha yake naijua bila kuiona: mama, nuru, machozi.

Nimeogopa kidogo. Nikamfikiria yule bibi juu ya gunia. Kisha nikamfikiria Bi Bashira na wanawake kumi na wanne garini. Bi Mwanakheir haoni. Bi Bashira anaona vizuri mno.

Jumamosi, 23 Agosti

Naandika haya mlango nimeufunga.

Ukumbi ulijaa. Bi Bashira alifika na wenzake, sare ya khanga moja, wakakaa safu mbili nzima. Hija alikuja kuitafuta sura yake. Machano alimleta mama yake kwa mkono, akamkalisha mbele. Akaniamkia. Nikaitikia.

Bwana Wakil akapita kwenye picha zote kumi na tisa kama mtu anayekagua samaki wa jana. Alipofika kwenye "Nafsi" akaigeuza juu chini, akauliza kama mpigaji alisahau kuipiga. Bi Ulfat akatazama daftari: nambari kumi na mbili, Machano. Machano akaitazama ile karatasi nyeupe, kisha akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari. Dari nzuri, mbao za zamani.

Kisha Bwana Wakil akasimama mbele ya picha moja na hakuondoka. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema ni hii, na kwamba leo kamera imemtia adabu. Nambari saba! Bi Ulfat akasoma jina langu. Wanawake wa Matemwe wakapiga vigelegele. Bi Bashira akasimama. Nikatembea kwenda mbele kama bwana harusi.

Ndipo nikaiona picha.

Yupo Bi Mwanakheir juu ya gunia, uso kauinua. Juu yake unazunguka mstari wa nuru, na kweli, ukiutazama ni ndege. Na mbele yake mwanamme kapiga goti na tochi mkononi, mdomo wazi, uso kama wa mtoto. Mwanamme huyo ni mimi. Kumbe Machano aliporudi nyuma kizani alifungua lenzi.

Bi Ulfat alikuwa ameshaigeuza kusoma jina la picha, na ile sauti ya darasani haijui kushuka.

"'Rafiki Yangu Mansour'," akasoma. "Kazi ya Mansour."

Wa kwanza kucheka alikuwa Hija, ambaye nimemkatia picha sita za pasipoti bure. Bwana Wakil akaniuliza kwa upole nimejipiga vipi na huku nimepiga goti kule. Nikasema nilitegesha. Akauliza kama ni kawaida yangu kujiita rafiki. Nikasema tunaelewana. Ukumbi mzima ukaanguka kwa kicheko. Bi Bashira hakucheka. Alikuwa bado kasimama, na uso wake ulishaanza kurudi ule wa miaka yote.

Machano akainuka.

"Kosa langu, Bi Ulfat," alisema. "Nambari nlibandika mimi, nkachanganya yangu na ya Bwana Mansour. Picha hii nimepiga mimi. Lakini aliyechora ni yeye. Bila ya yeye hapana ndege."

Bi Ulfat akamtazama Machano. Kisha akanitazama mimi, muda mrefu zaidi. Kisha akatoa kalamu akasahihisha daftari.

Picha ikatundikwa, jina la Machano chini yake. Taa za ukumbi zikazimwa kwa muda, mapazia yakashushwa, na Bi Mwanakheir akasogezwa mpaka pua ikakaribia kioo. Mwanawe akaumulika ule mstari kwa simu. Bibi akasema ndege anamuona, tena ni yule yule, lakini aliyemchora ni nani? Machano akamwambia ni rafiki yake. Mimi nikatoka nje. Kulikuwa na vumbi. Vumbi la Shangani ni kali sana machoni.

Bi Bashira alinifuata mlangoni. Akasema hii ni mara ya kwanza kuniona ninamfanyia mtu kitu. Kisha akapanda gari na wenzake.

Jumapili, 24 Agosti

Nimefikiri kwa makini na sasa mambo yote yamenifungukia. Machano kanitumia. Kachukua uso wangu, goti langu na ndege wangu bila ya ruhusa, kisha akaniokoa mbele ya watu, na hiyo ndiyo hila kubwa kuliko zote: sasa hata kumchukia siwezi bila ya kuonekana mbaya. Mtu hatari.

Lakini funzo nimelipata. Miaka kumi na moja nimesimama nyuma ya kamera, ukuta sijauona. Nusu saa mbele ya kamera, nimetundikwa mwezi mzima. Kumbe kosa langu lilikuwa upande niliosimama!

Kwa hiyo leo asubuhi nimewaandikia wanachama wenzangu wote kumi na wanane, kila mmoja kwa siri, kwamba nipo tayari kukaa ndani ya picha yake ya shindano la mwezi ujao. Kila mmoja nimemwambia ni yeye tu niliyemchagua. Yeyote atakayeshinda, ukutani ni mimi.

Kumi na sita wameshakubali. Machano alijibu kabla ya wote. Akaongeza kuwa mama yake anauliza nitakwenda lini kumchorea tena. Nimesema Ijumaa. Kupeleleza tu.

Jioni Bi Ulfat katuma ujumbe: mada ya Septemba ni paka wa Mji Mkongwe.

Si kitu. Paka lazima ashikwe na mtu.