Maji Moto na Mbegu Zangu Goigoi

Jumatatu, 6 Machi
Majibu ya kliniki ya jijini Sofia yametoka! Mbegu zangu za uzazi zipo, tena tele, ila goigoi. Chache ndizo zinazokwenda mbele. Nyingine zinazunguka palepale, nyingine zimelala fofofo. Daktari Ilieva kaniambia niache rakia, pombe yetu kali, nisikae kwenye joto, nirudi Juni, maana mbegu mpya huchukua karibu miezi mitatu kukomaa. Mwendo ukipanda, watajaribu njia rahisi, ya kuzipenyeza kwa mrija tu. Mke wangu Desislava alinishika mkono njia nzima. Anamtaka mtoto huyu, jamani! Basi atampata. Mimi Yavor nina mpango.

Jumanne, 7 Machi
Bwawa la maji moto! Mji wetu mzima unatibiwa humo. Magoti, figo, nyongo. Sembuse mbegu! Daktari alikataza joto, najua. Lakini alimaanisha joto la ovyo. Maji yetu ya chemchemi yana madini! Nimejizamisha hadi shingoni mpaka vidole vikakunjamana. Raha iliyoje! Nahisi zinaamka.

Jumapili, 12 Machi
Chakula kwa mama mkwe. Kamen, kaka yake Desislava, baba wa mapacha (hamalizi sentensi bila kuwataja), akaniuliza mbele ya supu kama mbegu zangu bado ziko likizo. Mama mkwe akacheka hadi akapaliwa! Nikamwambia shemeji, ngoja Juni, utatafuta pa kuficha uso. Nikaenda bwawani moja kwa moja. Desislava anajua natembea kwa afya. Si uongo. Bwawani naenda kwa miguu.

Alhamisi, 23 Machi
Desislava ameona korongo wa kwanza wa mwaka, na kwetu hapo ndipo mtu huomba jambo. Akavua mkononi uzi wake wa Machi, mwekundu na mweupe, akaufunga kwenye mplamu uliochanua. Hakusema ameomba nini. Machozi yalimlengalenga. Roho iliniuma sana. Leo nimekaa majini mara mbili.

Ijumaa, 9 Juni
Balaa! Zimezidi kulala! Daktari akauliza kuhusu joto. Nikatazama dari. Desislava akauliza, polepole, mbona mataulo yetu yananuka salfa tangu Machi. Nikasema madini. Daktari akafumba macho. Njia rahisi basi tena: itabidi mayai ya Desislava yatolewe, kisha watafute mbegu moja yenye uhai waidunge ndani ya yai. Sindano zote atachomwa yeye. Njiani alikunja mikono hadi nyumbani. Ana haki.

Jumamosi, 22 Julai
ANA MIMBA! Walipekua wee, wakapata moja iliyokuwa ikijitikisa. Moja tu! Desislava amelia, amenikumbatia, amenisamehe nusu. Hata Kamen kapiga simu, akaniita baba, bila kutaja mapacha!

Lakini hebu nijiulize. Ile moja ilipata wapi nguvu? Madini! Jirani yangu Stoyan na mkewe bado wanahangaika kupata mtoto, maskini. Ananisubiri getini sasa hivi. Nimemwambia abebe taulo, na mkewe asijue.