Sosi ya Miguu

Jumatatu, 3 Septemba 1956
Kasongo nzima hakuna mutu mwenye bahati kama mimi, Lukumani! Leo Mugiriki wa magazini, lile duka la vitu vya Ulaya, kanipa mikebe kumi na miwili ya sosi ya tomati. Bure! Eti kaipenda sura yangu. Nimerudi kwa miguu, katoni kichwani, naimba. Kutembea ni afya.
Mikebe imeandikwa SAUCE POUR PATES. Mimi nimesoma miaka mitatu kwa mapadri, Kifaransa hakinishindi. Patte ni muguu wa mnyama. Sosi ya miguu! Wazungu wamesahau T moja. Nimewasamehe.

Jumanne, 4 Septemba
Mambo hayo! Muzee Faradji, baba yake Fatuma wangu, amekubali kuja kula Ijumaa, baada ya sala. Nafasi ya mwisho. Mwezi wa Ramadhani nilimwalika kufuturu, chakula kikaiva saa ya daku. Kaniambia wazi: mwanangu, nikinusa moshi tena bila kuona sahani, Fatuma umusahau. Nimemwapia kwamba kabla hajamaliza kunawa, chakula kitakuwa mbele yake. Sosi si iko tayari ndani ya mukebe!

Alhamisi, 6 Septemba
Nimenunua miguu kumi na sita ya mbuzi. Muchinjaji kauliza kama mbuzi wangu wana safari ndefu.
Njiani Atumani, mupishi wa muzungu wa kilimo, kautazama mukebe niliobeba, kacheka mpaka kofia ikaanguka. Eti ndugu yangu, pâtes ni makaroni! Eti chemsha makaroni, au hata wali, mwagia sosi, kula. Wivu tupu! Naye anamutaka Fatuma. Nimemwambia anasoma kwa pua.

Ijumaa, 7 Septemba
Nimeteleka miguu baada ya kutoka musikitini. Haraka ya nini? Sosi iko!
Muzee akaja na dada yake, shangazi Aziza. Akanawa. Miguu ni mawe! Akanawa tena. Nikapuliza moto, kwato zinagonga sufuria kama mutu anabisha hodi. Muzee akauliza kama mbuzi wenyewe bado wako njiani. Akaanza kutafuta viatu vyake!
Shangazi Aziza akaingia jikoni, akaniambia nitoke, mwanaume gani mimi. Akapasha moto wali wangu wa asubuhi, akafungua mikebe miwili, akatia kitunguu na pilipili. Basi! Muzee kala sahani tatu! Nikatangaza: mapishi yangu hayo. Shangazi akasema huo ni uongo, yeye kafundishwa asubuhi na Atumani.
Muzee akajipangusa ndevu, akauliza Atumani anakaa wapi.
Nikamwonyesha nyumba. Ningefanyaje? Mugeni wangu.

Jumamosi, 8 Septemba
Fatuma ataolewa na Atumani. Nimelia kidogo, kisha nikawapelekea mikebe yote iliyobaki, zawadi ya harusi. Sina kinyongo.
Na bahati imerudi! Mugiriki kaleta mikebe mipya: PETITS POIS. Poids ni uzito. Vizito vidogo, vya mizani! Kule Salamabila, kwenye machimbo, wanapima dhahabu kutwa, watanigombania! Atumani anasema ni njegere. Huyo na pua yake!
Jumatatu naondoka na katoni nzima. Kwa miguu.
Haya, daftari langu, wewe sikudanganyi. Mugiriki hajawahi kunipa kitu bure. Ile sosi nilibadilisha na baiskeli yangu. Kwa hii mikebe ya sasa, anataka kitanda changu.