Mwenye Masharubu Kwenye Picha ya Waanzilishi

Jumanne, 4 Machi
Timu yetu, Étoile ya Marquenoy, inatimiza miaka mia Jumamosi. Bwana Delbarre wa ofisi ya klabu kasema kila ukoo wa mwanzilishi unapewa kiti kimoja jukwaa kuu, vile viti vyenye mito. Na mimi miaka thelathini nasimama nyuma ya goli nanyeshewa! Nakitaka hicho kiti. Babu yangu alichimba makaa mgodi namba nne, na timu waliianzisha wachimbaji wa mgodi huohuo. Kama alicheza sijui. Nani anajua?

Jumatano, 5 Machi
Nimepata! Baa kwa Lucette kuna picha kuukuu ukutani, wanaume kumi na moja na mpira. Wa nne kutoka kushoto, masharubu ya babu kabisa. Nikapita duka la mikate, saluni, kanisani. Kufika saa sita mji mzima unajua babu alikuwa beki.

Alhamisi, 6 Machi
Odile, jirani yangu, kaenda kuitazama. Anadai ni babu yake yeye, masharubu ni ya ukoo wao. Nikamwambia kweli, hata mama yake alikuwa nayo. Akanijibu dirishani, taratibu, huku anaanua nguo:
“Babu yako, shoga, mpira aliuona gazetini.”

Ijumaa, 7 Machi
Tumeazima picha, tumempelekea Delbarre. Mimi nimeapa. Odile kaangua kilio, machozi kabisa. Delbarre kavaa miwani, kaigeuza picha, kasoma maandishi ya nyuma.
“Mama zangu, hawa ni timu ya Saint-Orvain. Siku hiyo walitupiga tisa bila.”
Saint-Orvain, mahasimu wetu! Watu ambao hata mkate wao hatuli! Kumbe mume wa Lucette ni wa huko, picha ni ya kwao. Odile akafuta machozi, akasema sasa akiangalia vizuri, yale masharubu ni ya ukoo wangu.

Jumapili, 9 Machi
Sherehe jana nimeionea nyuma ya goli. Mvua. Odile pembeni, tumekula chipsi pakiti moja mpaka zikaisha. Sare, moja moja. Muuza mikate sasa ananiita Madamu Saint-Orvain.
Leo nimemuuliza mume wa Lucette. Timu ya kwao inatimiza miaka mia mwezi wa tano. Na jukwaa lao lina mito minene kuliko yetu! Barua nimeshaposti: mimi ni mjukuu wa beki wenu. Nimeomba viti viwili. Odile ataenda kama binamu, anafanya mazoezi ya kulia machozi.