Nilivyogeuzwa Sanamu Katikati ya Lisboa

Leo nimepatikana, jamani. Lisboa nzima imeniona.

Ni siku yangu ya tatu Ulaya. Mnajua viza hii nimeihangaikia kiasi gani! Kutoka kwetu Palma, kaskazini mwa Msumbiji, sijawahi kwenda mbali hivi, na safari ndiyo kwanza imeanza: kesho Porto, halafu Madrid. Nimefikia kwa dada Fatuma, mtoto wa mama mkubwa, anayefanya kazi dukani hapa mjini.

Asubuhi Fatuma amekwisha kwenda kazini, mimi uso umekauka kwa baridi mpaka unawasha. Nikatoa kijiti changu cha msiro, mti wetu wa urembo, nikakisugua kwenye jiwe na maji, nikapaka. Uso mweupe pe! (Ndiyo, nimebeba jiwe kwenye ndege. Msiniulize.) Nikajifunga kanga, nikatoka. Kwetu mwanamke anakwenda sokoni na msiro wake, anapanda gari la kwenda kijijini Olumbi na msiro wake, hakuna anayegeuza shingo. Sikukumbuka hata kidogo kwamba sipo kwetu.

Fatuma akanipigia simu. "Ningoje pale uwanjani kwenye chemchemi, natoka sasa hivi. Usisogee hata hatua, utapotea!"

Mimi nikiambiwa nisisogee, sisogei. Nikasimama wima, kikombe cha karatasi mkononi, chai nimeshaimaliza, natafuta kwa macho tu pa kukitupa.

Mara mtoto wa kizungu akanisogelea, akatumbukiza sarafu kwenye kikombe. Nikaduwaa. Mama yake naye, sarafu. Wakaja wazee wawili na simu zao, wananipiga picha. Nikapepesa macho. Watu wakapiga kelele, wakapiga makofi!

(Makofi! Kwa kupepesa macho!)

Ndipo nikamwona. Hatua chache tu kutoka nilipo, mwanamume aliyejipaka rangi ya fedha kuanzia kofia mpaka viatu, amesimama juu ya sanduku bila kutikisika, na mbele yake bakuli la sarafu. Kumbe ni kazi ya watu! Sanamu ikashuka kwenye sanduku, ikanijia mbio.

"Menina! Wewe binti! Hapa ni pangu! Miaka sita!"

Nikapiga ukunga. Makofi tena.

Makelele yakamleta polisi. Kibali cha usanii? Sina. Akaomba pasipoti, akaifungua polepole.

"Viza ya utalii. Na unafanya kazi mtaani?"

Nikajiona ndani ya ndege ya kurudi, hata Porto sijaiona.

"Senhor, hii si kazi, ni urembo!"

"Mbona ulisimama kama sanamu?"

"Dada aliniambia nisisogee!"

"Dada yupi?"

Alhamdulillahi, Fatuma huyo anakuja na sare yake ya duka. Nikamnyooshea kidole. Polisi akamuuliza kama ananijua. Fatuma akanitazama usoni. Akautazama umati. Akaitazama ile sanamu ya fedha, imeshika kiuno.

"Hapana," akasema. "Simjui."

Wallahi sijawahi kushtuka hivyo. Polisi mwenyewe hakunishtua vile. Kiswahili kikanitoka kwa sauti ya juu: "Fatuma binti Saidi! Unanikana? Nampigia mama mkubwa sasa hivi, kwa video, akuone!"

"Ni mdogo wangu," akasema haraka. "Kwetu wanawake wanapaka hivyo. Ni dawa ya ngozi."

Polisi akacheka mpaka akafuta machozi. Nikaambiwa nikanawe pale pale kwenye chemchemi, umati mzima unarekodi. Sarafu zote nikammiminia mwenye mahali pake. Pasipoti nikarudishiwa.

Kwa hiyo Porto ipo. Ila naombeni msicheke. Polisi asiyenijua kaniamini. Aliyenikana ni damu yangu, na usiku huu tunalala kitanda kimoja.