Kofia Iliyookolewa Kati ya Matumbawe

Naapa. Naapa kwa meno yangu saba yaliyobaki na kwa cheti changu cha kustaafu kutoka idara ya maji, na lau Kanisa lisingenikataza ningekula hata kithitu, kile kiapo ambacho wazee wetu walikiogopa kuliko simba: haya mtakayoyasikia ni kweli tupu, wala hayana chumvi isipokuwa ile ya bahari yenyewe. Basi sogeeni, enyi wachimbaji wa Kalama, enyi wauza maembe wa Masii, tegeni masikio. Na mwenye simu aizime, kwa maana tendo hili halitarudiwa.

Jueni kwanza kwamba sisi wa Kikundi cha Matuta, watu ishirini na mmoja wenye mikono kama magome, tumeufunga mlima wetu kwa matuta ili mvua isiuchukue udongo na kuwapelekea watu wasioujua. Na sheria yetu ni moja: akanyagaye ukingo wa tuta jipya hutoa beberu. Si kuku, si samahani, beberu. Mimi Mwangangi ndiye niliyeiandika sheria hiyo, na kwayo nimekwisha kula mabeberu wa watu wawili kwa dhamiri safi kabisa. Mimi nami niko na beberu mmoja tu duniani, mweusi, mpana wa kifua, niliyempa jina Diwani kwa kuwa hula kwa kila mtu na haitiki akiitwa.

Hata ukafika mwezi wa nane, jeshi letu likapanda gari moshi kule Athi River, likashuka Mombasa. Lo, adabu tuliyokuwa nayo! Katika vichochoro vya Mji wa Kale tulipita tukiwa tumejisitiri, tukiomba ruhusa kabla ya kupiga picha hata ya mlango. Muuza makombe wa ufuoni alipomwonyesha jirani yangu Nzisa kombe kubwa la konokono wa bahari lenye kung'aa, Nzisa alilichungulia ndani, akauliza, "Na aliyekuwa akikaa humu umempeleka wapi?" Yule muuzaji akakumbuka kwamba ana shughuli mahali pengine.

Siku ya pili maji yalikupwa, tukaingia katika mashua ya nahodha Laban, kijana mpole wa maneno. Akatia nanga penye mchanga, akasimama, akanena:

"Wazee wangu, hayo mnayoyaona chini si mawe. Ni matumbawe, na yako hai. Hukua polepole kuliko ukucha. Msiyakanyage, msiyashike, wala msiwatupie samaki mkate. Wao wana chakula chao. Na mulilokuja nalo, murudi nalo."

Mwenyekiti wetu Kavindu, Mama wa Majembe, Mwenye Jicho Lisilosinzia, akauliza, "Na hayo matumbawe yanafanya kazi gani?"

"Yanavunja mawimbi, mama. Bila hayo, ufuo wote huu ungekuwa umeliwa."

Kavindu akageuka, akatutazama mmoja mmoja. "Mmesikia? Hilo ni tuta. Na sheria ya Kalama imepanda mashua pamoja na sisi."

Watu ishirini wakanitazama mimi. Kwa nini, sijui mpaka leo.

Ndipo upepo, yule mwizi asiye na kesi, ukaja kutoka mashariki ukaninyang'anya kofia. Nayo si kofia ya hivi hivi. Ni kofia ya manyoya niliyovalishwa siku ya kustaafu, mbele ya meneja na sahani tatu za pilau. Ikatua majini, ikaanza kwenda zake kama mtu aliyechoka na ndoa.

"Baba Mumo," Nzisa akaniambia, "takataka yako hiyo inaenda."

"Si takataka! Ni kofia!"

"Ikiwa kichwani ni kofia. Ikiwa baharini ni takataka."

Laban akashika upondo wake mrefu. "Tulia, mzee, naivuta sasa hivi."

Nikainua mkono, nami nikahutubu: "La, ewe kijana wa pwani! Nilizaliwa mahali ambapo maji hupimwa kwa mtungi, lakini isije ikasemwa Masii siku ya soko kwamba Mwangangi aliokolewa na kijiti! Kofia niliileta mimi, nami nitairudisha!"

"Kaa chini, wewe," Kavindu akasema. "Hujui kuogelea."

Lakini je, shujaa hukaa chini? Nikafunga jaketi la kuokolea, nikashuka. Maji yakanifika kiunoni. Mbele yangu palikuwa na hatua kumi na moja, na pande zote matumbawe yamejipanga kama majeshi, ya zambarau na ya manjano, na katikati yao walinzi wa baharini, viumbe wa mviringo wenye miiba, wamesimamisha mikuki. Sijui jina lao, nawaita hivyo kwa heshima. Mchanga ulikuwa vipande vipande, kila kimoja kadiri ya ungo. Nikatia mguu ungo wa kwanza. Nikatia ungo wa pili. Samaki wenye mistari wakakusanyika kama watu wanaoangalia ajali. Nikayumba, nikasimama kwa mguu mmoja kwa muda ambao mtu angeweza kupika githeri, nikarusha mkono, nikaikamata kofia ukingoni! Na katika kwenda na kurudi, enyi vizazi vijavyo, wayo wangu haukugusa tumbawe hata moja. Bahari ikanyamaza. Na iandikwe katika kumbukumbu za kikundi kwamba siku hiyo mtu wa nchi kavu aliifundisha bahari adabu.

Hapo ndipo habari ilipoishia nilipoisoma Jumamosi mbele ya kikundi, nyumbani kwa Kavindu, nikingoja makofi. Haya yanayofuata nimeamriwa niyaandike.

"Endelea," Kavindu akasema.

"Imeisha, mwaitu, mama yetu."

"Maji yalikuwa ya wapi, umesema?"

"Ya kiuno."

"Nzisa, mpe simu aone."

Nikaona. Ni mimi, kofia nimeiinua juu kama aliyeshinda uchaguzi, na bahari imenifika kwenye vifundo vya miguu.

"Sasa hapa ulirefuka, Baba Mumo?" Nzisa akauliza.

"Hilo ni jiwe."

"Ati jiwe! Nahodha nilimtumia picha. Sikiliza."

Sauti ya Laban ikatoka simuni, pole vile vile: "Mama Nzisa, nilimuona mzee. Hilo tumbawe alilopanda lina miaka kumshinda. Niliona haya kumpigia kelele mbele ya watu wake. Mwambieni tu, siku nyingine aniachie mimi."

Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Mimi nilicheka kidogo. Kwa sababu nilikuwa nimelisikia, jamani. Lilivunjika chini ya kisigino changu, sauti ndogo, kama mtu anayevunja biskuti kwa siri. Nami nilijiambia pale pale kwamba sikusikia kitu, nikainua kofia ili watu watazame juu.

"Mwaitu, sheria inasema tuta jipya," nikajaribu. "Hilo ni la zamani sana."

"Basi wewe unataka kutoa wawili?"

Nikaenda zizini mwenyewe, nikamfungua Diwani, nikapanda naye mlima, yeye akivuta kila upande kulikokuwa na majani ya mtu. Kikundi kizima kilikuwa kimesimama uani. Kavindu akaipokea kamba kwa mikono miwili, kama apokeavyo sadaka.

"Asante sana, Baba Mumo," akasema. "Mungu akubariki kwa kujitolea."